UZI: Kwa nini alumini ya kusubu inakatika bila kupinda? Tuongelee silikoni, chuma na vile vigramu vichache vinavyotiwa kwenye chungu

Chungu Moto (mwanzisha uzi)

Wakuu salama? Hili swali linarudi kila baada ya muda, mtu kayeyusha rimu na vipande vya injini, kasubu puli au breketi, kaichonga kwenye leithi mpaka inang'aa, anaifunga kwenye mashine halafu siku chache tu inakatika ghafla, haijapinda hata kidogo. Majibu anayopewa ni yale yale, eti alumini laini, eti chakavu haifai, eti moto ulikuwa mdogo. Naomba leo tulijadili vizuri maana jibu lipo na limejulikana miaka mia sasa, ila huku chini kwa mafundi halifiki.

Kwa kifupi ni hivi: alumini ya kusubu haiamuliwi na alumini yenyewe, inaamuliwa na UMBO la vitu vingine vilivyogandia katikati yake. Unaweza kuwa na vipande viwili vyote vina silikoni asilimia 7, kimoja kinapinda kingine kinakatika, na ukipeleka maabara karatasi ya vipimo inakaribia kufanana. Tofauti utaiona kwenye hadubini.

Twende taratibu. Alumini tupu inayeyuka nyuzi joto 660 za Selsiasi. Ukiongeza silikoni, joto la kuganda linashuka mpaka ukifika asilimia 12.6 hivi mchanganyiko wote unaganda kwa pamoja kwenye nyuzi 577, hapo wanapaita yutektiki. Sasa rimu nyingi za gari ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya A356 au ndugu zake, silikoni 6.5 mpaka 7.5. Hiyo ikianza kupoa, kwenye nyuzi 615 hivi vinaota vijiti vya alumini vyenye matawi na matawi yanaota matawi mengine, hizo ndizo dendraiti. Alumini iliyoganda haiwezi kubeba silikoni zaidi ya asilimia 1.65, kwa hiyo silikoni inayobaki inasukumwa kwenye uji ulio katikati ya matawi, uji unazidi kukolea mpaka unafika ile 12.6 na wenyewe unaganda kwa mpigo. Kwenye rimu, karibu nusu ya uzito wote ni huo uji wa mwisho! Sasa hapo ndipo kesi ilipo.

Silikoni ikiachwa igande inavyotaka yenyewe inaota vibapa vyenye ncha kali, ukikata kipande ukakisugua ukaangalia kwenye hadubini unaona sindano za kijivu zimetapakaa kila upande. Silikoni ni ngumu na haijui kupinda. Ukivuta hicho kipande alumini inataka kunyumbulika, kibapa kinagoma, kinapasuka, ufa unarukia kibapa cha pili, cha tatu, umemaliza.

Mwaka 1920 kuna Mhungaria mmoja alikuwa anafanya kazi Marekani, Aladár Pácz, aliomba hataza ya kitu kinachoonekana kidogo sana: ukitia floraidi ya sodiamu kwenye alumini yenye silikoni nyingi, sura ya mvunjiko inabadilika, inakuwa laini, na kipande kinavumilia kuvutwa. Kilichotokea ndani ni kwamba vile vibapa vimegeuka nyuzinyuzi nyembamba zenye ncha butu. Silikoni ni ile ile, kiasi kile kile, imebadilishwa umbo tu. Na sodiamu inayotakiwa ibaki ndani ni kama asilimia 0.01, yaani gramu 10 kwenye kilo 100 za alumini. Mimi kila nikiifikiria hii naona ni moja ya mambo mazuri kabisa kwenye fani ya kusubu.

Inafanyaje kazi? Kristali ya silikoni inakua kwa kuongeza tabaka juu ya tabaka kwenye kingo zake. Atomu za sodiamu zinang'ang'ania pale pale kwenye kingo, njia ya mbele inazibwa, silikoni inalazimika kugeuka, inagawanyika, inageuka tena, mwisho wa siku badala ya kibapa kimoja kikubwa unapata nyuzi nyingi ndogo.

Nitaendelea na chuma, maana kwetu sisi tunaotumia chakavu chuma ndio adui namba moja. Ulizeni kwanza.

mtoto_wa_gereji

Mkuu shukrani, umeeleweka. Swali, kuna mzee mmoja alinifundisha kutupia chumvi ya mezani kwenye chungu kabla ya kumimina, ndo hiyo hiyo sodiamu unayosema?

Chungu Moto

Hapana kaka, japo mzee hakukosea kutumia chumvi. Chumvi ya mezani ni kloraidi ya sodiamu, inasaidia takataka za juu zijikusanye uzitoe kirahisi, lakini sodiamu yake imeshikwa sana na klorini, alumini haiwezi kuipokonya kwa kiasi cha maana. Floraidi ndiyo alumini inaipokonya sodiamu. Ila naomba usiende kutafuta floraidi ukaitupia kwenye jiko la uani, moshi wake ni sumu kweli kweli na watu wanaofanya hivyo viwandani wana mabomba ya kuvuta moshi.

Halafu sodiamu ina shida nyingine, inachemka kwenye nyuzi 883 na alumini ya kumimina iko 700 na kitu, kwa hiyo inatoroka muda wote, ndani ya dakika 20 au 30 hivi nguvu imeshaanza kuisha. Ukichelewa kumimina sababu kalibu haijakauka, umerudi kwenye vibapa. Ndiyo maana viwanda vingi siku hizi vinatumia strontiamu, asilimia 0.01 mpaka 0.03, inakuja kama fimbo au vipande vya aloi mama, mfano alumini yenye strontiamu asilimia 10, unaizamisha unasubiri kidogo, na nguvu yake inakaa masaa. Hasara yake ni kwamba vitundu vya hewa vinaweza kuongezeka, kwa hiyo lazima uwe makini na hidrojeni.

Na rimu ikitoka kiwandani mara nyingi ina strontiamu tayari. Ukiiyeyusha kwa moto wa wastani bila kuiacha jikoni muda mrefu, kiasi fulani kinabaki. Ukiiacha inachemka asubuhi mpaka mchana umeichoma yote.

Dada wa Maabara

Naomba niongezee hapo kwenye hidrojeni maana watu wanaidharau. Alumini ya maji inabeba hidrojeni karibu mara 20 ya ile inayobebwa na alumini iliyoganda, sasa ikiganda ile hidrojeni iende wapi, inatengeneza vitundu katikati ya dendraiti. Na inatoka kwenye unyevu tu, chakavu iliyonyeshewa, mafuta ya injini, mchanga mbichi, hata kijiko cha kuchotea ambacho hakijapashwa. Kipande kikiwa na vitundu hata ukibadilisha silikoni vipi hutapata raha. Endelea mkuu.

Chungu Moto

Ahsante sana dada, hilo ni la kubandika ukutani.

Haya, CHUMA. Hapa naomba msome polepole.

Alumini ya maji inakula chuma. Kwenye nyuzi 700 inaweza kuyeyusha mpaka asilimia 2.5 hivi ya chuma, ukifika 800 inaelekea asilimia 5. Lakini ikiganda, ndani ya alumini ngumu chuma kinachoweza kukaa ni kama asilimia 0.05 tu. Kwa hiyo karibu chuma chote ulichokiingiza kinatoka nje ya alumini na kuungana na silikoni, kinatengeneza kitu wanakiita beta, alumini atomu tano, chuma moja, silikoni moja. Hiyo beta inaota mabamba mapana membamba sana, ni kama umeweka nyembe ndani ya mkate. Ni mbaya kuliko silikoni isiyotibiwa, kwa sababu mabamba ni marefu zaidi, na pia yanaziba njia za uji unaotakiwa kujaza nafasi wakati kipande kinasinyaa, kwa hiyo vitundu vinaongezeka palepale.

Kinaingia wapi? Kila mahali. Bolti na nati zilizoachwa kwenye silinda hedi, siti za valvu, slivu za chuma kwenye bloku, waya, na kubwa kuliko zote ni chungu chenyewe. Wengi wetu tunayeyushia kwenye kipande cha mtungi wa gesi au bomba la chuma lililochomelewa tako, na tunakorogea nondo, halafu tunapandisha moto sana ili ipite vizuri kwenye kalibu. Kila saa unayoiacha humo inakula ukuta wa chungu. Ndiyo maana vile vyungu vinatoboka jamani, ule ukuta uliopotea umeenda kwenye puli yako.

Na chuma kikishaingia hakitoki. Flaksi (dawa ya unga ya kusafishia chungu) haikitoi, hewa haikitoi, kurudia kuyeyusha ndiyo kunakiongeza. Unaweza kukipunguza kwa kuchanganya na alumini safi, basi.

Kuna kipimo cha kukadiria ambacho ni kizuri kukijua: chukua asilimia ya silikoni zidisha kwa 0.075 toa 0.05, jibu ni kiasi cha chuma ambacho ukikivuka mabamba makubwa ya beta yanaanza kuota mapema kabla ya yutektiki, yanapata muda na nafasi ya kurefuka. Silikoni 7 jibu ni 0.475. Silikoni 9 ni 0.625. Kwa kipande cha maana hata hicho ni kingi, A356 ya kawaida mwisho wake ni chuma 0.20.

Pistoni Kubwa

Hapa mkuu sikubaliani nawe moja kwa moja. Aloi ya Wajapani ya ADC12 ambayo ndiyo imetengenezea giaboksi kibao za hizi gari zetu, viwango vinaruhusu chuma mpaka asilimia 1.3. Aloi ya Kimarekani A380 vile vile 1.3. Na hizo giaboksi zinabeba mzigo miaka 20 kwenye barabara zetu hizi. Kama chuma ni adui mbona wanakiacha makusudi?

Chungu Moto

Swali zuri na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Ni kweli wanakiacha makusudi. Zile giaboksi zinasubiwa kwa kusukuma alumini kwa presha kubwa ndani ya kalibu la chuma cha pua... samahani, chuma cha kutengenezea kalibu, chuma kigumu. Alumini isiyo na chuma ndani ina njaa ya chuma, ikigusa ukuta wa kalibu inaung'ata na kushikana nao, kipande hakitoki. Ukiwa na chuma 0.8 mpaka 1.1 tayari ndani, njaa imepungua, kipande kinachomoka vizuri. Ndiyo sababu.

Sasa kwa nini hakikatiki? Kwa sababu kipande kile ni chembamba na kalibu la chuma linanyonya joto haraka mno, kinaganda kwa sekunde. Mabamba ya beta hayapati muda wa kukua, yanakuwa madogo madogo, silikoni nayo inakuwa ndogo, matawi ya dendraiti yanakaribiana. Kasi ya kupoa imefanya kazi ambayo wewe ungeifanya kwa dawa.

Halafu gari inachoka, giaboksi inauzwa chakavu, fundi anaiyeyusha anaimimina kwenye kalibu la mchanga, kipande kina unene wa sentimita tatu, kinaganda dakika kadhaa. Kemia ni ile ile iliyotoka Japani, lakini sasa yale mabamba yana muda wa kutosha wa kuota mpaka unayaona kwa macho kwenye mvunjiko, yanametameta. Aloi haikuharibika. Imepelekwa kwenye kalibu ambalo haikutengenezewa. Kwa hiyo mtu anayesema chakavu haifai, mimi namwambia rimu ni chakavu na inafaa sana kwa mchanga, giaboksi ni chakavu na kwa kipande kinene cha mchanga ina taabu. Zitenganisheni.

mtoto_wa_gereji

Dah hapo nimepata kitu. Sasa mkuu sisi tuliobaki na giaboksi tu tufanyeje?

Chungu Moto

Dawa inayojulikana zaidi ni manganizi. Ukiwa na manganizi kama nusu ya chuma kilichomo, ile beta inageuka kuwa alfa, umbo lake lina mikono mikono iliyokunjamana, kwa hadubini inafanana na maandishi ya Kichina na ndivyo wanavyoiita. Ncha zimepungua, ufa haupiti kirahisi. Chuma bado kimo chote, umebadilisha umbo tu, habari ile ile ya silikoni.

ADC12 na A380 huwa zina manganizi kiasi tayari, lakini usiongeze hovyo. Chuma, manganizi na kromi vikizidi vinaganda mapema sana vikiwa bado ndani ya chungu, vinazama chini kama tope zito lenye punje ngumu zinazovunja ncha ya chombo cha kuchongea. Wenye viwanda wanapiga hesabu: asilimia ya chuma, jumlisha manganizi mara mbili, jumlisha kromi mara tatu. Jumla ikipanda na joto la chungu likishuka, tope linakuja.

Na njia ya bei rahisi kuliko zote ni kuongeza kasi ya kupoa. Weka vipande vya chuma baridi ukutani mwa kalibu pale ambapo kipande ni kinene, au tumia kalibu la chuma kabisa ulilolipaka chokaa au udongo mweupe. Punguza unene. Chungu chako cha chuma kipake ndani, na ukipata cha grafaiti au udongo ndiyo bora zaidi.

Jua Kali 254

Salamu kutoka Nairobi, wakubwa. Hii thread ni moto. Nataka kujua kuhusu pistoni, huku watu hupenda sana kuchanganya pistoni na rimu wakidhani pistoni ni aloi kali kwa hivyo itaongeza nguvu. Ni poa?

Chungu Moto

Karibu ndugu. Pistoni ni dunia yake. Nyingi zina silikoni karibu 12, na shaba, nikeli na magnesi, zimewekewa hivyo zivumilie joto na zisitanuke sana. Zipo pia aloi zenye silikoni kuvuka ile 12.6, kama A390 yenye silikoni 17, ndiyo iliyotumika kwenye bloku ya Chevrolet Vega mwanzoni mwa miaka ya 1970, bloku haina slivu, pistoni zinasugua kwenye silikoni yenyewe. Huko kinachoanza kuganda ni silikoni, mabonge yenye pembe, na dawa ya kuyafanya yawe madogo ni fosforasi kidogo sana. Fosforasi inaungana na alumini inatengeneza punje ndogo, silikoni inaanzia kuota juu ya hizo punje, punje nyingi, mabonge mengi madogo.

Sasa angalia mtego. Rimu ina strontiamu, chakavu yenye silikoni nyingi inaweza kuwa na fosforasi. Ukizichanganya, strontiamu na fosforasi zinakamatana zenyewe kwa zenyewe, rimu inapoteza dawa yake, vibapa vinarudi. Antimoni, ambayo nayo baadhi ya viwanda wanaitumia, inagombana na strontiamu hivyo hivyo. Kwa hiyo unachanganya vitu viwili vizuri unapata kibaya, na hakuna aliyekuibia. Pistoni weka rundo lake.

Dada wa Maabara

Na shaba na magnesi usiziache mkuu, maana hizo ndizo zinazoingia kwenye kupasha na kuzimisha.

Chungu Moto

Ndiyo. Hizi mbili kazi yake kubwa huioni kwa hadubini ya kawaida. A356 ina magnesi 0.25 mpaka 0.45. Unapasha kipande nyuzi 540 kwa masaa kadhaa, magnesi na silikoni zinayeyukia ndani ya alumini ngumu, unakizamisha kwenye maji ghafla zinanaswa humo, halafu unakipasha tena polepole kwenye nyuzi 155 hivi kwa masaa machache, zinajitokeza kama vipunje vidogo mno kila mahali, vinakwamisha alumini isiteleze. Kwenye kule kupasha kwa kwanza hata nyuzi za silikoni zinakatika na kuwa viduara, faida juu ya faida. Magnesi inaungua kila ukiyeyusha, kwa hiyo rimu iliyoyeyushwa mara ya tatu haitaitikia kama ya kwanza.

Shaba nayo hivyo hivyo, inajitokeza kama alumini mbili shaba moja. Kuna habari inanifurahisha sana hapa. Bloku ya injini ya ndege ya kina ndugu Wright ya mwaka 1903 ilisubiwa kwa alumini yenye shaba asilimia 8 hivi. Alfred Wilm aligundua Ujerumani kwamba aloi ya alumini inakomaa na kuwa ngumu yenyewe mwaka 1906, yaani baada ya ile ndege kuruka. Mwaka 1994 watafiti Gayle na Goodway walichapisha uchunguzi wa kipande cha ile bloku, wakakuta vile vipunje vya shaba vimo ndani. Injini ilikuwa inabebwa na kitu ambacho hakuna binadamu aliyekuwa anakijua.

Ila shaba inafanya alumini iliwe na chumvi haraka, kwa hiyo wa Tanga, Zanzibar, Mombasa mnaosubu vitu vya boti, kaeni mbali na pistoni na giaboksi, tumieni rimu. Na giaboksi za presha msizipashe nyuzi 540, hewa iliyonaswa ndani inatanuka kipande kinafura malengelenge.

Pistoni Kubwa

Nimekubali kaka, hoja ya kasi ya kupoa imenikaa. Titani je? Nasikia wanatia titani na boroni.

Chungu Moto

Hiyo ni ya kupunguza ukubwa wa chembe za alumini zenyewe, sio silikoni. Aloi mama yenye titani 5 boroni 1, inaleta punje za titani boraidi, alumini inaanzia kuota juu yake. Faida yake ni kipande kujaa vizuri na kutopasuka kikiwa cha moto. Punje zake ni nzito zinazama, kwa hiyo koroga kabla ya kumimina. Kwenye silikoni nyingi haifanyi kazi vizuri kama kwenye silikoni kidogo. Kwa karakana ndogo yenye pesa ya kununua kitu kimoja tu, mimi ningenunua strontiamu kwanza.

Jua Kali 254

Na sufuria? Watu wengi huku wanasubu sufuria kutoka kwa scrap ya injini.

Dada wa Maabara

Hapo niachieni mimi. Tafadhali msifanye hivyo. Sufuria za chakavu zilizopimwa Kamerun, matokeo yakachapishwa 2014, zilionekana kutoa risasi kwenye chakula. Risasi haiyeyuki ndani ya alumini ngumu, inabaki pembeni pembeni huko kwenye mipaka ya chembe, na chakula chenye uchachu kinaitoa. Hakuna dawa ya kuitia kwenye chungu ikarekebisha hilo. Chakavu ya injini itengenezee puli.

mtoto_wa_gereji

La mwisho mkuu, sina maabara wala hadubini. Nitajuaje kama yangu imekaa sawa kabla sijampa mteja?

Chungu Moto

Kabla hujamimina kazi yenyewe, mimina kijiti cha majaribio kwenye kalibu la mchanga huo huo, unene unaokaribia wa kazi yako. Kikipoa kabisa kikate kidogo kwa msumeno, kibane kwenye jiliwa, kigonge na nyundo, hesabu kinapinda kiasi gani kabla ya kuvunjika. Halafu peleka mvunjiko juani. Ukiona uso laini wa kijivu cheupe kama umefifia, silikoni imekaa vizuri. Ukiona vioo vidogo vidogo vinametameta, ni vibapa vya silikoni. Ukiona mistari mirefu inayong'aa, hicho ni chuma, usimimine, ongeza rimu safi au badilisha kalibu. Vijiti vyako viandike tarehe na chakavu uliyotumia, uvitunze, ukishakuwa na rundo la kulinganisha jicho lako litajua lenyewe. Ukipiga picha za mivunjiko zitupie humu tuziangalie pamoja, nami nitaweka zangu za rimu na za giaboksi jioni.